Vituo vya pamoja vya utafiti wa Ukimwi na akili: Nani hulipia kazi isiyoonekana?

Na MWANDISHI WETU

MGONJWA anayehudhuria kliniki ya Ukimwi hapa nchini huenda akaulizwa maswali tisa yasiyohusu homa wala kikohozi. Je, katika majuma mawili yaliyopita umekosa raha katika mambo uliyozoea kuyafurahia? Umekosa usingizi? Umejiona kama mtu aliyeshindwa? Muuguzi huandika alama kwa kila jibu na kuzijumlisha, na jumla hiyo ndiyo humwonyesha iwapo aliye mbele yake huenda ana sonona, yaani ule mfadhaiko mzito usiotibika kwa kuambiwa "jikaze".

Maswali hayo hayakuota kama uyoga. Yalitungwa na wataalamu wa Marekani na kuanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya kuaminika huku kwetu ilibidi yajaribiwe na kupimwa upya, kwa kuwa mtu wa Uasin Gishu haelezi huzuni yake kwa maneno ya mtu wa Indiana. Kazi hiyo ilifanywa magharibi mwa Kenya chini ya AMPATH, ushirikiano ulioanzishwa mwaka wa 2001 baina ya Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa mjini Eldoret na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana. Wagonjwa 347 wanaoishi na virusi vya Ukimwi walishiriki, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2009.

Kazi ya namna hii hulipiwa na nani? Mfadhili wa kawaida hutoa pesa za kujibu swali moja: dawa hii yafaa au haifai? Mtafiti akishapata jibu, mradi hufungwa. Hakuna anayependa kumlipa mwanatakwimu kati ya mradi mmoja na mwingine, wala mhifadhi wa data, wala mtu wa kuhakikisha kwamba neno "sad" halikufasiriwa kwa neno ambalo mgonjwa wa Busia hulielewa kama "hasira". Ni kama dawati letu la uhariri. Msomaji hulijua jina la mwandishi, lakini asiyetajwa aliyeikesha habari ile humkumbuka siku makosa yanapochapishwa.

Ili kuziba pengo hilo, Taasisi ya Kitaifa ya Afya ya Akili ya Marekani (NIMH) ilianza katika miaka ya 1980 kufadhili vituo vya utafiti wa Ukimwi ambavyo wanasayansi wengi hutumia kwa pamoja. San Francisco kilianzishwa kituo cha CAPS mwaka wa 1986, chini ya Chuo Kikuu cha California. Mwaka uliofuata kikaja kituo cha New York, kilichoongozwa kwa miaka mingi na Anke Ehrhardt katika Chuo Kikuu cha Columbia na Taasisi ya Saikiatria ya Jimbo la New York. San Diego ilipata chake mwaka wa 1989 na Milwaukee mwaka wa 1994. Yale na Los Angeles zikafuata mwaka wa 1997.

Huenda msomaji akashangaa ni kwa nini taasisi ya afya ya akili iligharimia utafiti wa virusi. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, virusi huingia ubongoni mapema. Kabla ya dawa za kupunguza makali kupatikana, madaktari waliwaona vijana wakipoteza kumbukumbu na kutembea kama wazee wa miaka 80. Pili, hapakuwa na dawa wala chanjo, hivyo silaha pekee ilikuwa tabia ya mwanadamu, na hiyo si taaluma ya mtaalamu wa virusi. Dawa zilipofika sababu ya tatu ikajitokeza: aliyezongwa na sonona husahau vidonge, hukosa siku ya kliniki, na virusi mwilini mwake huinuka tena.

Ruzuku ya msingi

Katika miaka ya mwanzo baadhi ya vituo hivi vilifadhiliwa ili vifanye tafiti zao vyenyewe. Baadaye mtindo ukabadilika. Ruzuku inayotumika, ambayo katika orodha za Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani (NIH) huitwa P30, kimsingi haigharimii tafiti kubwa. Hugharimia huduma za pamoja: wanatakwimu, wataalamu wa hojaji, washauri wa maadili, usimamizi, mawasiliano na jamii, na fungu dogo la kuwapa watafiti chipukizi wajaribu wazo kabla ya kuomba pesa nyingi. Tafiti zenyewe huombewa ruzuku zake mbali. Kila baada ya miaka mitano hivi kituo hulazimika kushindana upya, na kikishindwa huduma zile hutoweka hata kama miradi yake ingali inaendelea.

Mfano bora wa mali ya pamoja ni hazina ya tishu za ubongo iliyoanzishwa nchini humo mwaka wa 1998. Wagonjwa wa New York, Texas na California hukubali wakiwa hai kupimwa kumbukumbu zao mara kwa mara na, wakifa, ubongo wao uhifadhiwe. Mtafiti yeyote mwenye hoja ya maana aweza kuomba kipande. Jokofu halichapishi makala wala halipokei tuzo, lakini umeme ukikatika siku moja, kazi ya miaka 20 huharibika.

Kutokana na huduma za aina hii, watafiti wa San Diego wakiongozwa na Igor Grant na wenzao wa vituo vingine vitano walipima watu 1,555 wanaoishi na virusi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2010 yalionyesha kuwa asilimia 52 walikuwa na upungufu wa kiwango fulani katika kufikiri au kukumbuka, japo wengi wao walikuwa wakitumia dawa. Upungufu huo kwa sehemu kubwa ulikuwa mdogo, ila ulitosha kuzima dhana kwamba dawa zimemaliza tatizo la ubongo.

Kisa kingine, ambacho mimi hukiona kuwa cha heshima zaidi kwa sababu kina kushindwa ndani yake, ni cha Jeffrey Kelly, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa kituo cha Milwaukee. Kelly alianza utafiti wake kabla kituo hicho hakijaundwa, katika mji mdogo wa Biloxi, Mississippi. Aliwaomba wahudumu wa baa zilizotembelewa na wanaume mashoga wamtajie watu wanaopendwa na kuaminiwa na wenzao. Watu hao wakafunzwa kuzungumza na marafiki zao, kirafiki tu, kuhusu kujikinga. Matokeo yalipochapishwa mwaka wa 1991, tabia hatari zilikuwa zimepungua Biloxi kuliko katika miji ya Hattiesburg na Monroe iliyotumiwa kulinganishia.

Mbinu hiyo ilisifiwa kote. NIMH ikagharimia jaribio kubwa katika nchi tano: Uchina, India, Peru, Urusi na Zimbabwe. Mwaka wa 2010 jibu likatoka, nalo halikufurahisha. Tabia hatari na maambukizi ya magonjwa ya zinaa vilipungua, lakini vilipungua pia kwa wale ambao hawakupewa viongozi wa kuwashauri. Pande zote mbili zilikuwa zimepata vipimo, elimu na mipira ya kondomu, na mbinu ya Biloxi haikuongeza kitu cha kupimika. Wanatakwimu ndio waliolisema hilo bila kigugumizi. Pasingekuwa na kundi la kulinganishia na watu wa kuchanganua hesabu, huenda serikali nyingi zingenunua mbinu hiyo kwa mabilioni.

Afrika Mashariki

Mwanakenya asidhani hadithi hii ni ya Wamarekani peke yao. Vituo vya ushauri na upimaji wa hiari, vile vya VCT tulivyovizoea, vina asili yake hapa. Kituo cha San Francisco, Thomas Coates akiwa miongoni mwa viongozi wake, kilishirikiana na mashirika ya kimataifa pamoja na watafiti wa Nairobi, Dar es Salaam na Port of Spain kuuliza iwapo kumpima mtu na kumshauri humbadilisha. Walioshiriki ni watu binafsi 3,120 na wanandoa au wapenzi jozi 586. Matokeo yalitoka mwaka wa 2000. Kati ya waliopimwa na kushauriwa, ngono bila kinga na mtu asiye mpenzi wa kudumu ilipungua kwa asilimia 35 miongoni mwa wanaume na 39 miongoni mwa wanawake. Kwa waliopewa maelezo ya afya tu, upungufu ulikuwa asilimia 13 na 17.

Coates aliendelea hadi kwenye jaribio jingine lililogharimiwa na NIMH katika jamii 48 za Tanzania, Zimbabwe, Afrika Kusini na Thailand. Kwa Tanzania lilifanyika wilayani Kisarawe. Upimaji ulipelekwa vijijini badala ya kusubiri watu waje hospitalini, na mwaka wa 2014 ikaripotiwa kwamba maambukizi mapya yalipungua kwa takriban asilimia 14. Kisumu nako, kupitia ushirikiano wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) na chuo hicho cha San Francisco, watafiti waliwafunza watu wasio madaktari wa akili kutoa tiba ya mazungumzo kwa wanawake wenye virusi waliokuwa wamepitia ukatili.

Wagonjwa ni wetu, na wahoji pia ni wetu. Lakini mhimili wa pamoja, yaani wanatakwimu, hifadhi ya data na lile fungu la watafiti chipukizi, kwa kawaida ulibaki ng'ambo. Hili halikutokana na hila. Sehemu kubwa ya sababu ni kanuni moja kavu ya uhasibu.

NIH inapotoa ruzuku huongeza juu yake asilimia fulani ya gharama za uendeshaji, ambazo hulipia umeme, majengo, wahasibu na wanasheria. Vyuo vya Marekani hujadiliana na serikali yao, na vingi vimekuwa vikipata zaidi ya asilimia 50. Taasisi ya nchi ya kigeni, iwe KEMRI au Chuo Kikuu cha Nairobi, kiwango chake kwa miaka mingi kimekuwa asilimia nane. Kwa asilimia nane taasisi italipa bili ya stima na mlinzi wa lango. Haitajenga hifadhi ya data, wala haitamweka mwanatakwimu bingwa akisubiri mradi ujao. Huenda mwanatakwimu huyo akaajiriwa na benki, na nani atamlaumu?

Mwaka wa 2025 udhaifu wa mpango huo ulijianika. Januari 20, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai 1 shirika la USAID lilikuwa limekoma kuendesha miradi. Februari, NIH ilitangaza kikomo cha asilimia 15 kwa gharama za uendeshaji hata kwa vyuo vya Marekani, hatua iliyozuiwa na mahakama ya shirikisho mjini Boston. Machi, serikali hiyo ilifuta ruzuku na mikataba ya dola milioni 400 ya Chuo Kikuu cha Columbia. Mvutano huo ulimalizwa Julai kwa mapatano ambayo chuo kilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 200, na ruzuku nyingi zikarejeshwa.

Tangazo lililotugusa moja kwa moja lilikuwa la Mei 1. NIH ilisema haingeendelea kutoa ruzuku ambazo chuo cha Marekani hupokea na kisha kumgawia mshirika wa nchi ya kigeni, hadi utaratibu mpya utakapoundwa. Hoja yake ilikuwa kwamba pesa hizo hazikufuatiliwa vyema. Yawezekana kuna ukweli hapo. Ila mfereji huo ndio uliowafikia watafiti wengi wa Afrika, na aliyeukata hakuwa amechimba mwingine.

Kenya ina zaidi ya watu milioni 1.3 wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Ina pia Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013, iliyounda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kulenga asilimia mbili ya pato la taifa kila mwaka. Lengo hilo halijawahi kufikiwa. Pesa kidogo zinazopatikana nazo zimezoea kugawanywa kwa mtindo ule ule wa mradi mmoja mmoja: huyu apewe kidogo, na yule asikose.

Kituo cha pamoja hakihitaji jumba jipya lenye bamba la shaba la waziri kukata utepe. Kinahitaji wanatakwimu wenye mishahara ya kudumu, wahifadhi wa data, wafasiri wanaojua Kiluo, Kikalenjin na Kiswahili cha Pwani, kamati ya wagonjwa yenye sauti, na pesa kiasi za kumjaribisha kijana mwenye wazo. Mtafiti wa Ukimwi wa Eldoret na wa saikiatria wa Nairobi waweza kukitumia pamoja, maana hesabu zao zinafanana. Uganda imekwishaonyesha uwezo ulipo: Dkt Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Makerere aliongoza jaribio la tiba ya vikundi kwa watu 1,140 wenye virusi na sonona katika vituo 30 vya afya kaskazini mwa nchi hiyo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 2020. Tiba yenyewe ilitolewa na wahudumu wa vijijini waliofunzwa.

Katika hojaji ile ya kliniki, swali la tisa humuuliza mgonjwa iwapo amewahi kufikiri kwamba ni heri afe. Jibu lake huandikwa kwenye fomu, na fomu huwekwa kwenye faili. Faili hizo ni nyingi mno sasa, kutoka kaunti zote 47, na ndani yake mna habari ya kumweleza daktari ni nani yumo hatarini na ni lini. Kazi ya kuzisoma haina bajeti ya mradi wowote.