Theodore Roosevelt: Rais wa Marekani aliyeitwa Bwana Mkubwa

Theodore Roosevelt alizaliwa New York mwaka 1858. Alishika urais Septemba 1901, baada ya Rais McKinley kuuawa kwa risasi. Alikuwa na miaka 42, na hadi leo hakuna aliyeushika akiwa mdogo kuliko yeye. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kuwapatanisha Warusi na Wajapani.

Mimi khasa hupenda kuwasimulia wanangu habari zake za baada ya hapo. Alitoka madarakani Machi 1909, na Aprili akashuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Mwambao ule ulikuwa bado ni milki ya Sultan wa Zanzibar, ingawa wenye amri walikuwa Waingereza. Wapagazi walimwita Bwana Mkubwa, na Kermit wakamwita Bwana Maridadi. Majina hayo kayaandika mwenyewe kitabuni, kwa tahajia ya kuchekesha.

Kwao anakumbukwa kwa kuhifadhi misitu na wanyama, na ni kweli alitenga ardhi kubwa sana. Lakini katika safari ile yeye na mwanawe waliua wanyama 512, wengi wao kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, Washington. Miongoni mwao walikuwa vifaru weupe 9, waliopigwa Lado, ukingo wa magharibi wa Mto Nile. Roosevelt alifariki Januari 1919. Dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini, jina lake Sudan, lilikufa Kenya Machi 2018. Wamebaki majike wawili, mama na binti yake.