Risasi Chotara

Risasi chotara ni risasi isiyouzwa na kiwanda chochote. Fundi huchukua ganda la risasi ya kawaida, akalifinya shingo au kulipanua mabega, akalivisha kichwa cha kipenyo kingine, kisha akachonga chemba ya bunduki ilipokee ganda hilo na si jingine. Waingereza na Wamarekani huiita kwa jina la paka wa mwituni. Tukilitafsiri jina hilo neno kwa neno tutampeleka msomaji porini kutafuta mnyama, ndiyo maana nachagua chotara. Embu, hapa Kenya, kuna kituo cha utafiti wa kilimo kilichozalisha mahindi ya H511, na mkulima wa huko anajua vizuri kwamba mbegu chotara hupatikana kwa kuunganisha sifa za wazazi wawili ili mtoto awashinde wote. Fundi wa bunduki naye anataka hivyo hivyo: ganda nono lenye nafasi ya baruti nyingi, kichwa chembamba chepesi, na kasi ambayo risasi mama hazikuwa nayo.

Kabla ya kufika mbali, neno risasi lenyewe linatudai kazi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni madini ya risasi, yale mazito laini. Katika Kiswahili cha leo linabeba kile kinachoruka na kumpata mtu, na pia kitu kizima kinachoingizwa chemba kabla ya kufyatuliwa. Asomaye habari kwamba polisi walikuta risasi tatu hawezi kujua kama ni risasi nzima, vichwa vilivyochimbuliwa ukutani au maganda yaliyobaki chini. Mimi huita kitu kizima risasi, kinachoruka kichwa cha risasi, na bomba la shaba nyeupe au ya njano linalobeba baruti ganda. Kile kijisahani kidogo kwenye kitako cha ganda, kinachogongwa na pini ili kiwashe baruti, kina jina lake la zamani: fataki. Wengi siku hizi wakilisikia wanawaza milipuko ya mkesha wa Mwaka Mpya, lakini kamusi za zamani zinalijua kama kiwashio cha bunduki.

Urithi wa gobore, bunduki ya zamani, una hazina nyingine ya maneno. Mwenye gobore alimimina baruti mtutuni, akatia marisau, akashindilia kwa mdeki. Kushindilia ndiko kulikoamua kama bunduki ingelia vizuri, ingezimika au ingemlipukia mwenyewe. Leo anayejaza maganda yake mezani, akipima baruti kwa mizani ya vipimo vidogo sana, hatumii mdeki, lakini jukumu lililo mikononi mwake ni lile lile. Risasi ya kushindilia kwa mkono ni jina linalomtosha.

Sasa majaribio. Anayejaribu risasi chotara anatafuta vitu viwili, na kimoja tu ndicho kinachoonekana kwa urahisi. Kasi hupimwa kwa kipimakasi: kichwa cha risasi hupita juu ya vihisi viwili, na muda kati ya cha kwanza na cha pili hugeuzwa kuwa mita kwa sekunde. Kitu cha pili ni kanieneo, yaani kani inayosukuma kila sehemu ya eneo la chemba baruti inapogeuka gesi. Wapo wanaosema shinikizo, na si kosa, ila magazeti yetu yamelizoesha siasa na hospitali. Kanieneo linataja hesabu yake waziwazi, kani kugawanywa kwa eneo, na hapa hesabu hiyo ni suala la uhai. Baruti ikiongezwa, kanieneo hupanda haraka kuliko kasi. Unaweza kupata nyongeza ndogo ya mwendo, na nyuma yake chuma cha chemba kiko ukingoni pa kupasuka. Bila vyombo vya maabara, mjaribu hubaki kusoma dalili: fataki iliyogeuka bapa, ganda linalokataa kutoka.

Meru na Embu zina historia inayoeleza kanieneo kuliko kitabu. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Mlima Kenya walikuwa na bunduki za kiwandani chache mno. Walijitengenezea nyingine, mtutu ukiwa bomba la maji na kitako kikiwa mti uliochongwa. Risasi iliyopatikana mara nyingi ilikuwa ile ya jeshi la Waingereza, ya .303. Hiyo hukitoa kichwa kwa takriban mita 744 kwa sekunde, zaidi ya maradufu ya mwendo wa sauti, na ndani ya chemba kanieneo yake inaweza kupita mara 3,000 ya ile ya hewa kwenye usawa wa bahari. Bomba la maji halikutengenezwa kwa ajili hiyo. Baadhi ya bunduki hizo zilipasuka na kuwajeruhi waliozishika. Nao waliendelea kuzibeba, katika nchi ambayo kukutwa na risasi kulitosha kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Mmoja wao, Musa Mwariama wa Meru, alikaa msituni hadi uhuru wa 1963. Kila ninapoandika kuhusu majaribio ya risasi nawakumbuka watu hao, ambao jaribio lao la kwanza lilikuwa pia vita yenyewe.

Nje ya Kenya, chotara nyingine hatimaye hupata cheti. Risasi ya .22-250 ilizaliwa kwa kulifinya ganda la .250-3000 ya Savage, ikashindiliwa mezani kwa watu miaka mingi, hadi Remington ilipoisanifisha mwaka 1965. Kuanzia hapo si chotara tena, hata kama umbo lake halikubadilika. Ya .458 Lott ina mzizi karibu nasi zaidi: Jack Lott alijeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, akaona risasi aliyoibeba haina nguvu ya kutosha, akatengeneza iliyo ndefu zaidi.

Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimwachii raia kujitengenezea risasi apendavyo. Maneno sahihi yanahitajika hata hivyo. Katika mahakama za Meru na Embu, mtaalamu wa silaha hutoa ushahidi kwa Kiingereza na mkalimani humfasiria mshtakiwa. Mkalimani akisema risasi pale mtaalamu aliposema ganda tupu, mshtakiwa anajibu shtaka ambalo halikusomwa.