Upana Uliouzwa kwa Jina la Kasi

Neno "simu" lilitoka Uajemi, ambako sim ni waya. Enzi za telegrafu habari ilipita wayani, na jina likakaa. Leo mkazi wa Mbagala au Bunju hununua "laini ya simu" kibandani akaichomeka kwenye kifaa kisichogusana na waya wowote. Redio za mawasiliano wazee waliziita "simu ya upepo", jina zuri lililoachwa bila kosa.

Waya wenyewe ulitarajiwa kufanya makubwa. Kampuni ya simu ya TTCL, iliyoanza mwaka 1994 baada ya posta na simu kutenganishwa, ilirithi nyaya za shaba za simu za mezani, na juu ya nyaya hizo ikauza intaneti ya ADSL. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam mwaka 2009, bahari haikuwa tena kisingizio. Zilibaki kilomita za kutoka kwenye mitambo hadi sebuleni kwa mteja.

Istilahi tuliyopewa ni "intaneti ya kasi". Mhandisi yeye huanza na upana wa masafa. Mazungumzo ya simu hutosheka na masafa yasiyozidi kilohezi 4. ADSL hupanda hadi megahezi 1 na ushee. Waya ukirefuka, masafa ya juu ndiyo hufifia kwanza, na ukipita kilomita 5 hivi hakibaki cha maana cha kuuza. Hapa Kiswahili kilikuwa tayari kimejipanga, maana "masafa" ni umbali na ni mawimbi pia. Kwa waya wa shaba, masafa hula masafa. Neno "kasi" halisemi hayo. Humfanya mteja wa mbali adhani fundi amemchelewesha makusudi. Msaidizi wa neno hilo ni "hadi", kama katika "kasi ya hadi megabiti 8": dari inayouzwa kama sakafu.

Pembezoni mwa Temeke na Kinondoni nyumba zilitangulia, nguzo zikafuata kwa kusuasua, na shaba iliyofika ilikuwa na wezi wake. Minara ya simu za mkononi ikawahi. Watu wakajifunza kuhesabu intaneti kwa bando.

Sasa TTCL inanadi "Faiba Mlangoni Kwako". Nalipenda jina hili kuliko yote, kwa kuwa limeacha kasi na kuahidi mahali. Swali la dukani linakuwa fupi: Kongowe mmefika?