Mirambo, Shereef na kile kidude cha intaneti

Wiki hii kwenye somo la historia tupo kwenye biashara ya misafara, na kila tukigusa Tabora mawazo yangu yanahamia kwenye kile kidude chenye taa pale kwenye kona ya geto letu. Naongelea ruta. Msinicheke, twende taratibu.

Njia kuu ilitoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, ndiyo Tabora hii ya leo. Pale ikagawanyika: moja magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Vitambaa, shanga, pembe za ndovu, barua, hata watu waliofanywa watumwa, wote walipita hapo. Mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Urambo alipogombana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, hakuhangaika kwenda Zanzibar. Alifunga njia tu. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ikabidi azungukie kusini. Mfuko wa barua za Livingstone wenye tarehe ya Novemba 1870 aliukuta umekwama Unyanyembe, ukamfikia mwenyewe baada ya kama mwaka mzima.

Lakini Mirambo alikuwa adui wa wazi, kila mtu alimjua. Wa kuogopa zaidi kwangu mimi ni Shereef. Huyu alikabidhiwa mzigo wa Livingstone kutoka pwani, akaufikisha Ujiji, halafu akauuza akidai mwenyewe kashakufa. Livingstone akarudi Ujiji Oktoba 1871, hakukuta kitu. Hakuna aliyevunja mlango jamani. Mlinzi ndiye aliyemaliza mali.

Na ruta ndiyo mlinzi wetu. Ndani yake kuna programu inayoiendesha, wataalamu wanaiita femwea, na ikiwa na tundu lisilozibwa, mtu wa mbali anaweza kuiteka. Ukitekwa hivyo hutajua, maana intaneti inaendelea kama kawaida. Tovuti nyingi siku hizi zinafumba yaliyomo, sawa, ila ruta iliyotekwa bado inaweza kukupeleka kwenye tovuti ya uongo inayofanana na ile unayoitaka.

Si hadithi hizi. Mwaka 2016 Mirai iliteka kamera na ruta duniani kwa kujaribu orodha ya manenosiri kama 60 tu, yale yale ya kiwandani. Mei 2018 watafiti wa Cisco walitangaza VPNFilter, iliyokuwa imeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54. FBI wakawaambia watu wazime na kuwasha ruta zao. Hiyo ilipunguza makali, lakini mzizi wake ulibaki ndani.

Sasa fikiria geto la watu sita, wote tunaombea mkopo na kutuma hela kupitia kidude kimoja, na nenosiri lake ni lile la kiwandani. Tumewekeza kwenye kufuli la mlango, Shereef tumemwacha ndani.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa: badili nenosiri la kiwandani, weka toleo jipya la femwea, zima uendeshaji wa kutoka mbali. Na kama kiwanda kimeacha kuitengenezea matoleo mapya, changeni hela mnunue nyingine. Bei yake si kitu mkigawana sita.

Haya, nawahi kipindi. Geto lenu nani anashika ufunguo?