Msomaji wa Insha: Utungaji na Fasihi kwa Mbali katika Vyuo vya Marekani

Neno insha lilitoka katika lugha ya Kiarabu, na huko halikuwa jina la zoezi la darasani. Lilikuwa jina la sanaa ya makatibu wa dola, yaani ujuzi wa kutunga barua na hati. Al-Qalqashandi, katibu wa serikali mjini Cairo, alitunga mwanzoni mwa karne ya 15 kitabu cha mijaladi mingi cha kumwelekeza katibu namna ya kumwandikia amiri, kadhi au mfalme wa nchi ya mbali. Katika Kiswahili neno hilo lilikuja kuwa jina la kazi ya shule, ile ambayo kijana wa Kongo hukutana nayo kwa Kifaransa, kwa jina la dissertation, anapofanya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Hata hivyo asili yake haifai kusahauliwa, kwa maana barua huandikwa kwa ajili ya mtu asiyekuwapo, na haikamiliki mpaka mtu huyo ameisoma.

Asili hiyo inasaidia kuelewa historia ya somo moja ambalo karibu kila mwanachuo wa Marekani hulipitia katika mwaka wa kwanza: utungaji wa Kiingereza pamoja na fasihi. Leo wanachuo wengi hulisoma kwa intaneti, bila kuonana na mwalimu uso kwa uso, na watu wengi hulidhania kuwa ni zao la kompyuta. Kumbe kulifundisha kwa mbali ni jambo la zamani karibu sawa na somo lenyewe. Shida iliyolifuata tangu mwanzo haikuhusu sana chombo cha kupelekea maneno. Ilihusu mtu: ni nani atakayeisoma insha ikishafika?

Somo lenyewe lilizaliwa Harvard. Mwaka 1874, chini ya Charles William Eliot aliyekuwa mkuu wa chuo, vijana waliotaka kuingia walitakiwa kuandika insha fupi ya Kiingereza juu ya vitabu vilivyotangazwa mapema, miongoni mwavyo tamthilia za Shakespeare na riwaya ya Ivanhoe ya Walter Scott. Kwa hiyo fasihi na utungaji vilifungwa pamoja katika mtihani kabla havijafungwa pamoja darasani, na katika ndoa hiyo fasihi iliingia kama mtoaji wa mada. Matokeo yaliwahuzunisha walimu. Vijana waliotoka katika shule bora za nchi, waliozoea Kilatini na Kiyunani, hawakuweza kuandika ukurasa mmoja safi katika lugha yao wenyewe. Profesa Adams Sherman Hill alidai kwamba chuo kiwafundishe tangu mwaka wa kwanza, na mwaka 1885 somo lililoitwa English A likawa la mwaka huo. Mwenzake, Barrett Wendell, alikuwa na desturi ya kuwaandikisha wanachuo wake insha fupi kila siku.

Hapo ndipo mzigo ulipoonekana. Mhadhara mmoja wa historia unaweza kusikilizwa na watu mia tatu, na sauti ya mwalimu haipungui. Insha mia tatu, kinyume chake, lazima zisomwe moja baada ya nyingine. Kadiri vyuo vilivyokua, maprofesa wakubwa walijitenga na kazi hiyo wakaiacha kwa wasaidizi vijana, baadaye kwa walimu wanaolipwa kwa saa. Mpaka leo somo linalofundishwa kwa wanachuo wengi kuliko mengine yote hufundishwa mara nyingi na walimu wenye mishahara midogo kuliko wote. Chama chao, Conference on College Composition and Communication, kilichoundwa mwaka 1949, kinashauri darasa la utungaji lisipite wanachuo 20, na lingefaa liwe la 15. Hesabu yake ni rahisi. Mwalimu mwenye madarasa matano ya watu 25 ana insha 125 kwa kila zoezi. Akitumia dakika 20 kwa kila moja, atasoma kwa saa karibu 42, bila kuhesabu saa za kufundisha.

Wakati Harvard ikiwatahini vijana wa kiume, mwanamke mmoja wa jirani ya hapo alikuwa ameanza kuwafundisha wale wasioweza kuingia mlangoni. Anna Eliot Ticknor, binti wa msomi wa fasihi ya Kihispania, alianzisha mjini Boston mwaka 1873 chama cha kuwahimiza wanawake kusoma nyumbani kwao. Walimu walikuwa wanawake waliojitolea, na kazi yote ilipita kwa posta. Mwanafunzi alipewa orodha ya vitabu, akaazimwa vile asivyoweza kununua, naye kila mwezi alituma barua kueleza aliyoyasoma na aliyoyaelewa; mwalimu alimjibu kwa jina lake, akimsahihisha na kumwuliza maswali mapya. Katika miaka 24 ya chama hicho, hadi mwaka 1897, wanawake zaidi ya 7,000 waliandikishwa, na idara iliyopendwa kuliko nyingine ilikuwa ya fasihi ya Kiingereza.

Inafaa kutua kidogo juu ya chama hiki, kwa kuwa ndani yake kuna jambo ambalo vyuo vilivyofuata vilihangaika kulipata tena. Hakikutoa shahada. Hakikuwa na jengo la maana wala mtihani wa kutisha. Kilichokuwa nacho ni msomaji mmoja kwa kila mwandishi. Mwanamke aliyekaa shambani, mbali na maktaba, alijua kwamba aliyoyaandika juu ya Shakespeare yatasomwa na mtu fulani anayemkumbuka tangu barua ya mwezi uliopita. Barua ilirudi kuwa insha, na insha ikarudi kuwa barua. Lakini haina budi kusemwa pia kwamba jambo hilo liliwezekana kwa sababu wasomaji hao hawakulipwa. Kazi ya kusoma ilitolewa bure na wanawake wenye elimu ambao vyuo vya wakati ule havikuwapa kazi nyingine, na mwasisi wake alipofariki mwaka 1896 chama hakikudumu.

Wengine walichukua njia ya wingi. Mzunguko wa usomaji wa Chautauqua, ulioanza mwaka 1878 katika jimbo la New York, uliwapa maelfu ya watu vitabu vya miaka minne, ukategemea zaidi vikundi vyao wenyewe vya mazungumzo. William Rainey Harper, aliyekuwa akifundisha Kiebrania kwa posta, aliipa elimu ya barua idara yake katika Chuo Kikuu cha Chicago kilipofungua milango mwaka 1892. Baada yake vyuo vingi vya serikali vilifuata, na pamoja navyo makampuni ya biashara yaliyogundua kwamba faida kubwa hutoka kwa mwanafunzi anayelipa ada yote kisha akaacha kutuma kazi. Sifa ya masomo ya posta ilichafuka kwa muda mrefu.

Kompyuta iliingia katika utungaji kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulifunguliwa na Ellis Page wa Chuo Kikuu cha Connecticut, ambaye mwaka 1966 alitangaza kwamba mashine karibu itaweza kutoa alama za insha. Page alikuwa amewahi kufundisha Kiingereza katika sekondari, naye alilijua rundo la karatasi la Jumapili usiku. Mashine yake haikuelewa neno hata moja. Ilihesabu mambo kama urefu wa maneno na idadi ya mikato, ikalinganisha hesabu hizo na alama zilizotolewa na watu.

Mlango wa pili ulifunguliwa mahali ambapo wachache wangepatazamia. Gallaudet, mjini Washington, ni chuo cha viziwi ambacho hati yake ya kutoa shahada ilitiwa sahihi na Abraham Lincoln mwaka 1864. Wanachuo wake wengi huzungumza kwa lugha ya alama, ambayo ina sarufi yake yenyewe. Kiingereza kwao ni lugha ya karatasi. Darasa la utungaji lilikuwa na kasoro isiyoonekana kwingine, kwani insha ilijadiliwa kwa lugha moja na kuandikwa kwa lugha nyingine. Mwaka 1985 mwalimu Trent Batson aliunganisha kompyuta za chumba kimoja, hata neno lililoandikwa na mmoja likaonekana mbele ya wote. Darasa likaanza kupiga soga kwa Kiingereza: utani, ubishi, maswali, majibu ya haraka. Lugha iliyokuwa ya kusahihishwa tu ikapata kuwa lugha ya kumjibu mtu. Msomaji wa lugha za Kongo, aliyejifunza kuandika Kifaransa huku akiishi kwa Kiswahili, Kiluba au Kibemba, ataona upesi kwamba kasoro ya Gallaudet si ya viziwi peke yao.

Vyuo vya watu wanaosikia viliiga jambo hilo. Katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, kikundi cha walimu na wanachuo wa ngazi za juu kilitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1980 programu iliyoitwa Daedalus. Walimu waliona kwamba wale walionyamaza darasani waliandika, na sehemu ya mwalimu katika mazungumzo ikapungua. Si yote yaliyowafurahisha. Lester Faigley, aliyefundisha huko, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1992 jinsi mazungumzo ya wanachuo waliotumia majina ya kubuni yalivyomponyoka mwalimu na kugeuka matusi. Mwandishi alikuwa amepata wasomaji ishirini kwa mara moja, ila hakuna aliyelazimika kuwa msomaji mwema.

Intaneti ilipowatoa wanachuo katika chumba hicho na kuwatawanya majumbani, sheria ililazimika kuamua somo ni nini. Mwaka 1992 Bunge la Marekani, likiwa limechoshwa na shule za udanganyifu, lilivinyima msaada wa serikali vyuo ambavyo zaidi ya nusu ya masomo yao yalikuwa ya posta au ya mbali. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 2006 kwa masomo ya kielektroniki, lakini mpaka mmoja ukabaki: ili somo la mtandao lisihesabiwe kuwa la posta, sharti mwalimu awasiliane na wanachuo mara kwa mara na kwa maana. Mwaka 2017 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Elimu alisema kwamba Western Governors University, chuo kikubwa cha mtandao, hakikutimiza sharti hilo, akapendekeza kirudishe dola zaidi ya milioni 700. Chuo kilipinga, na Januari 2019 Wizara ikakataa pendekezo hilo. Ugomvi wote ulihusu swali ambalo Bi. Ticknor angelielewa bila mwanasheria.

Wingi ulirudi tena mwaka 2012. Al Filreis wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alitoa bure somo la ushairi wa kisasa wa Kimarekani, kuanzia Whitman na Dickinson, na watu zaidi ya 30,000 wakajiandikisha. Katika video alikaa mezani na vijana wachache, wakalichambua shairi neno kwa neno. Insha zilisomwa na wanafunzi wenzao, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Wakati uleule wazo la Page lilifufuliwa: mwaka 2013 shirika la edX, lililoanzishwa na Harvard na MIT, lilitangaza programu ya kutoa alama za insha. Walimu walitia sahihi tamko la kupinga. Mmoja wao, Les Perelman wa MIT, pamoja na wanachuo walitengeneza mwaka 2014 programu iliyotunga insha za upuuzi mtupu, zenye maneno makubwa na sentensi ndefu, nazo mashine zikazipa alama za juu.

Janga la mwaka 2020 lilimfanya kila mwalimu kuwa mwalimu wa mbali. Kisha Novemba 2022 ilitolewa programu ya ChatGPT, na swali likapinduka. Kwa miaka karibu 150 walimu walikuwa wameuliza nani ataisoma insha. Sasa waliuliza nani ameiandika. Programu za kuwanasa wadanganyifu zilitolewa haraka. Kampuni iliyotengeneza ChatGPT iliondoa ya kwake Julai 2023 kwa kuwa haikuaminika, na mwaka huohuo watafiti wa Stanford walionyesha kwamba programu za namna hiyo zilizitia shaka zaidi ya nusu ya insha walizozijaribu za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kosa lao lilikuwa kuandika kwa maneno machache yanayojulikana, jinsi aandikavyo kila mtu katika lugha ya kujifunza.

Baadhi ya vyuo vimerudia kalamu na karatasi, chini ya macho ya mwalimu. Kwa somo la mtandao njia hiyo haipo, maana mwanachuo wake yu kazini mchana, au analea, au anakaa mbali na chuo chochote. Walimu wake hudai rasimu ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha humwita kwa video na kumwuliza kwa nini alibadili aya hii na kuiacha ile. Kazi hiyo huongeza saa juu ya zile 42, na katika vyuo vingi malipo yamebaki yaleyale.