Modi za Skyrim: Historia ya Watu Waliojitolea

Wengi mnatuuliza kwa nini sisi tunaojitolea kambini Kinama, pamoja na wenzetu walioko Gitega, tunahangaika na mchezo mmoja wa mapanga na mazimwi kwenye laptopu ya zamani. Leo tunawajibu kwa historia. Kumbe nyuma ya mchezo huo kuna habari inayotugusa sisi wakimbizi, na inawagusa pia nyinyi mnaotuhudumia.

Mchezo wenyewe unaitwa Skyrim. Ulitengenezwa na kampuni ya Bethesda ya Marekani, ukatoka tarehe 11 Novemba 2011. Mchezaji anachagua kabila lake na jina lake, halafu anatembea katika nchi ya baridi ambayo haipo duniani, anapokea kazi kutoka kwa watu anaokutana nao. Toleo lile la kwanza linataka RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 6, ndiyo maana hata mashine iliyochoka inaliweza.

Modi ni faili lililotengenezwa na mchezaji, si kampuni, ili kubadilisha mchezo au kuuongezea kitu. Inaweza kuwa nguo mpya, nyumba mpya, au hadithi nzima yenye watu wake. Historia yake ni ndefu, lakini kwa michezo ya aina hii mwaka wa kukumbuka ni 2002. Mwaka huo Bethesda ilitoa mchezo wa Morrowind, na kwa wenye kompyuta ikaweka ndani ya boksi programu ya kuujengea. Kwa maneno mengine, aliyenunua nyumba alipewa na nyundo na misumari.

Watu waliitumia hiyo nyundo kweli kweli. Morrowind ilionyesha kisiwa kimoja tu. Bara lake lilitajwa lakini halikujengwa. Basi wachezaji waliojiita Tamriel Rebuilt, waliokuwa wameanza kujipanga tangu 2001, wakaamua kulijenga bara lote wenyewe, kijiji kwa kijiji, bila mshahara. Zaidi ya miaka 20 imepita na bado wanajenga. Mwaka huo huo wa 2001 Mwingereza Robin Scott alianzisha tovuti ya mashabiki wa Morrowind, na kutoka hapo ikakua Nexus Mods, ambako hadi leo watu wanagawana modi zao. Skyrim nayo ilipata programu yake ya ujenzi, Creation Kit, mwezi wa Februari 2012.

Sisi hatukuanza kwa kujenga, tulianza kwa kujaribu. Bando ni ghali, kwa hiyo modi zinashushwa mahali penye intaneti nzuri, zinawekwa kwenye flashi, na flashi inapanda gari kupitia Karuzi. Ya kwanza tuliyoijaribu ni Unofficial Skyrim Patch, ambayo kazi yake ni kurekebisha makosa ambayo kampuni iliyaacha: mlango usiofunguka, mtu asiyejibu, kazi isiyoisha. Ya pili ni SkyUI, inayopanga vizuri orodha ya vitu ulivyobeba. Hizi modi mbili hazina fahari yoyote, hata huzioni zikifanya kazi, lakini ukiziondoa ndiyo unajua umuhimu wake. Tulicheka sana hapo, maana ndivyo ilivyo hata kwa anayesafisha bomba la maji kambini.

Kwa wanaotaka kujaribu, kanuni ni hii: weka modi moja, cheza, halafu ndiyo uweke nyingine. Modi zinapakiwa kwa foleni. Kama mbili zinagusa kitu kilekile, ile ya mwisho kwenye foleni ndiyo inayoshinda. Ukizimwaga kumi kwa mara moja mchezo ukagoma, hutajua ni ipi iliyokorofisha.

Sasa tuje kwenye jambo lililotushika moyo. Ndani ya Skyrim kuna wakimbizi. Katika mji wa Windhelm kuna mtaa unaoitwa Gray Quarter, na wanaokaa humo ni Wadunmer, watu waliokimbia Morrowind baada ya mlima wa moto kulipuka. Ndiyo, Morrowind ileile ya mwaka 2002! Katika hadithi ya mchezo ni karibu miaka 200 tangu mlima ulipuke, na bado wanaitwa wageni. Ukifika tu langoni unakuta wenyeji wawili wanamfokea mama mmoja wa Kidunmer. Watu wa kabila jingine, Waargonian, hawaruhusiwi hata kuingia ndani ya kuta. Wanakaa bandarini wanakofanya kazi. Kijana mmoja wetu aliyezaliwa kambini alitazama pale langoni kwa muda mrefu, akasema: "Hawa jamaa wanatujua."

Wanatujua, lakini waliandika wao. Mkimbizi wa kwenye mchezo anasema yale aliyoandikiwa na mtu wa Marekani. Modi ndiyo inayofungua mlango wa pili. Kwa Creation Kit unaweza kuandika kitabu na kukiweka popote ndani ya mchezo. Wenzetu wa Gitega waliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili kuhusu ngoma za Gishora, pale karibu na mji wao: jinsi ngoma zilivyokuwa za mfalme, na jinsi UNESCO ilivyoingiza ngoma hizo za Burundi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Tumekiweka juu ya meza katika baa ya Wadunmer, New Gnisis Cornerclub. Ni kitabu kimoja, meza moja. Lakini Skyrim haikutoka na Kiswahili, na sasa kwenye laptopu yetu Kiswahili kimo.

Je, kujitolea kunalipa? Hilo nalo lina historia yake. Tarehe 23 Aprili 2015 kampuni za Valve na Bethesda ziliruhusu modi za Skyrim ziuzwe. Katika kila mauzo mtengenezaji alipata asilimia 25, na asilimia 75 zikaenda kwa kampuni hizo mbili. Wachezaji wakawaka. Wengine walisema modi ziwe bure daima, wengine walisema fungu la mfanyakazi ni dogo mno. Tarehe 27 Aprili mpango ukafutwa. Sisi tunaoishi kwa posho ndogo ya kujitolea tunazielewa pande zote mbili: kazi ya moyo ni nzuri, lakini moyo nao unakula.

Wapo waliovuka. Nick Pearce wa Australia alikuwa mwanasheria. Modi yake ya Skyrim, The Forgotten City ya mwaka 2015, ilipata tuzo ya chama cha waandishi wa nchi yake mwaka 2016, akaacha sheria, na mwaka 2021 ikatoka kama mchezo kamili. Wa karibu nasi zaidi ni Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka 3 ili amnunulie kompyuta ya dola 300, na yeye alitembea saa 3 kwenda kuichaji. Alijifunza mwenyewe, akatengeneza mchezo wa amani unaoitwa Salaam, na mwaka 2018 akatambuliwa kwenye The Game Awards huko Marekani.

Angalieni kinachowaunganisha hawa wote: kuna siku mtu alipewa zana, si kitu kilichokwisha kukamilika tu. Wakubwa zetu wa mashirika, miradi mingi inatufikia kama mchezo uliofungwa: tunaucheza mpaka ufadhili uishe, basi. Tunaomba mtuletee na Creation Kit yake. Tuacheni tufungue, turekebishe mlango usiofunguka, tuongeze ukurasa wetu. Na nyinyi vijana wenzetu, flashi iko Muyinga wiki hii. Njooni na wazo moja, tuliweke ndani.