Uokoaji wa farasi

Uokoaji wa farasi ni kazi ya kuwachukua farasi walionyimwa chakula, maji, matibabu au matunzo mengine ya lazima, kuwarudishia afya, kisha kuwatafutia mtu au mahali pa kuishi. Hufanywa hasa na mashirika ya hiari yakishirikiana na madaktari wa mifugo, polisi na mahakama. Siku hizi kazi hiyo imeenea zaidi katika nchi kama Uingereza na Marekani, ambako farasi wengi hufugwa kwa ajili ya michezo na burudani, lakini ilianza kwa farasi wa kazi: wa mizigo, wa magari ya kukodi na wa vita.

Wengi hudhani kwamba sehemu ngumu ni kumtoa farasi mikononi mwa mtu anayemtesa. Hatari kubwa huja baadaye, pale anapopewa chakula. Farasi aliyekondeana sana akipewa ndoo ya nafaka anaweza kufa katika siku chache, na huruma ya aliyempa ndiyo inayomuua.

Historia

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1822, iliyopitishwa kwa juhudi za mbunge Richard Martin, ilikuwa miongoni mwa sheria za kwanza duniani kukataza ukatili dhidi ya farasi, ng'ombe na kondoo. Miaka miwili baadaye kilianzishwa mjini London chama cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, ambacho leo hujulikana kwa kifupi kama RSPCA. Sheria iliweza kumwadhibu mwenye farasi, lakini farasi mwenyewe hakuwa na mahali pa kwenda.

Mwaka 1886 Ann Lindo alifungua nyumba ya mapumziko ya farasi huko Sudbury, karibu na Harrow, baada ya kuguswa na riwaya ya Anna Sewell iitwayo Black Beauty, iliyotoka mwaka 1877. Farasi wa magari ya kukodi waliochoka walipumzishwa hapo, na mwenye gari aliweza kuazimwa farasi mwingine ili asikose riziki wakati wake anatibiwa. Utaratibu huo ulitambua jambo ambalo mara nyingi husahaulika: mwenye farasi anayetaabika mara nyingi naye anataabika. Shirika hilo bado lipo na sasa linaitwa The Horse Trust.

Mwaka 1911 Ada Cole aliwaona farasi wazee wa Uingereza wakishushwa melini huko Antwerp, Ubelgiji, na kutembezwa hadi machinjioni. Mwaka 1927 alianzisha shirika la kupinga biashara hiyo, ambalo sasa huitwa World Horse Welfare na ni mojawapo ya mashirika makubwa ya uokoaji wa farasi nchini Uingereza.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Kairo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Uingereza liliuza maelfu ya farasi wake nchini Misri badala ya kuwarudisha kwao. Mwaka 1930 Dorothy Brooke, mke wa afisa wa jeshi, alifika Kairo akawakuta baadhi yao wangali hai, wakiwa wazee na vilema, wakivuta mizigo mitaani. Mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti la Morning Post la London, na wasomaji wakamtumia fedha. Katika muda wa miaka mitatu hivi kamati yake ilinunua farasi 5,000. Wengi wao walikuwa wamechakaa kiasi cha kutoweza kupona. Walipewa siku chache za kupumzika na kula, kisha wakauawa bila maumivu. Mwaka 1934 Brooke alianzisha hospitali mjini humo iliyowatibu bure wanyama wa kazi wa watu maskini. Hospitali hiyo ndiyo chimbuko la shirika la Brooke, linalofanya kazi leo katika nchi nyingi za Asia, Afrika na Amerika ya Kati.

Sababu za kutelekezwa

Ukatili wa makusudi upo, lakini farasi wengi wanaookolewa wamefikishwa huko na umaskini, ugonjwa wa mwenye mali, uzee wake au kutojua. Farasi anaweza kuishi miaka 25 hadi 30, na huendelea kula hata baada ya kuacha kazi au mashindano. Anahitaji chakula kikavu cha takriban asilimia 2 ya uzito wake kila siku. Kwa farasi wa kilo 500 hiyo ni kama kilo 10. Huhitaji pia fundi wa kukata kwato kila baada ya wiki 6 hadi 8 hivi. Bei ya kumnunua ni ndogo ikilinganishwa na gharama hizo, na wanunuzi wengi huligundua jambo hilo wakiwa wamechelewa.

Kutojua kunaweza kumuua farasi hata penye majani tele. Meno yake huendelea kuchomoza maisha yote, huku yakisagika kwa kutafuna. Yakisagika kwa upande mmoja hubaki na ncha kali zinazochana mashavu na ulimi. Akizeeka sana, meno huisha. Farasi wa namna hiyo husimama malishoni mchana kutwa, hutafuna na kutema, na hukonda mbele ya mwenyewe anayesema, "Mbona majani yapo?"

Unene wa kupita kiasi nao ni aina ya kutotunzwa. Unaweza kuleta laminitisi, yaani uvimbe wenye maumivu makali ndani ya kwato, ambao humfanya farasi ashindwe hata kutembea.

Kupima hali ya farasi

Kusema "amekonda" hakutoshi mbele ya hakimu. Mwaka 1983 Don Henneke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walitoa kipimo cha namba 1 hadi 9. Mpimaji hutazama na kushika kwa mkono sehemu sita: shingo, sehemu iliyoinuka juu ya mabega, nyuma ya bega, mbavu, mgongo na shina la mkia. Namba 1 ni farasi aliyebaki mifupa na ngozi, 5 ni hali ya wastani, na 9 ni mnene kupindukia. Uingereza hutumia zaidi kipimo cha 0 hadi 5. Mkono ni wa lazima, kwa sababu manyoya marefu ya majira ya baridi huweza kuficha mbavu zote.

Kumchukua farasi

Farasi ni mali ya mtu, na anayemchukua bila idhini anaweza kushtakiwa kwa wizi hata kama nia yake ni njema. Kwa Uingereza na Wales, sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 humruhusu mkaguzi au polisi kumchukua mnyama pale daktari wa mifugo anapothibitisha kwamba anateseka au yuko karibu kuteseka. Sheria hiyo pia huiruhusu mahakama kuamua hatima ya mnyama kabla kesi haijaisha. Kifungu hicho ni muhimu kuliko kinavyoonekana, maana kesi inaweza kuchukua mwaka na zaidi, na muda wote huo shirika humlisha farasi lisilo na haki ya kumpa mtu mwingine.

Mwezi Januari 2008 zaidi ya farasi na punda 100 waliondolewa katika shamba moja karibu na Amersham, kusini mwa Uingereza, ambako pia ilikutwa mizoga zaidi ya 30. Mashirika kadhaa yalilazimika kugawana wanyama hao, kwa kuwa hakuna hata moja lililokuwa na mabanda ya kuwatosha wote.

Njia nyingine ni kununua. Nchini Marekani machinjio ya mwisho ya farasi yalifungwa mwaka 2007, lakini farasi waliendelea kusafirishwa kwenda kuchinjwa Meksiko na Kanada. Kwenye minada waokoaji hushindana na wanunuzi wa nyama. Mashirika mengi huitilia shaka njia hii: anayelipa bei kubwa kwa huruma humwachia mfanyabiashara fedha za kununulia wengine.

Siku kumi za kwanza

Tumbo la farasi ni dogo, naye hawezi kutapika. Kazi kubwa ya kumeng'enya nyasi hufanyika katika utumbo mpana, ambamo bakteria huvunja nyuzinyuzi. Akikaa na njaa, bakteria hao hupungua. Mwili humaliza akiba yake ya sukari, kisha mafuta, halafu huanza kula misuli, hata ile ya moyo. Fosforasi, magnesiamu na potasiamu huishia ndani ya seli, ingawa kipimo cha damu huweza kuonyesha kwamba hali ni ya kawaida.

Hapo ndipo nafaka inapoua. Wanga mwingi hugeuka sukari nyingi kwenye damu, na mwili hujibu kwa kutoa insulini. Insulini huisukuma sukari ndani ya seli, na madini yale hufuatana nayo, hivyo kiwango chake katika damu hushuka ghafla. Moyo na mapafu hushindwa kufanya kazi. Farasi aliyekuwa ameanza kuchangamka huanguka, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya tano.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilinganisha vyakula mbalimbali kwa farasi walioishi na njaa na kuona kwamba alfalfa kavu ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa ina protini nyingi, wanga kidogo, na madini yale yanayohitajika. Ratiba yao hutumiwa sana: siku tatu za kwanza farasi hupewa takriban nusu kilo ya alfalfa kila baada ya saa nne, usiku na mchana. Kuanzia siku ya nne kiasi huongezwa taratibu na idadi ya milo hupunguzwa, hadi kufikia siku ya sita apate kilo 2 hivi kila baada ya saa nane. Baada ya siku kumi anaweza kula kadiri apendavyo, mara mbili kwa siku. Maji safi huwepo wakati wote. Nafaka, molasi na mafuta huwekwa kando. Yote hayo husimamiwa na daktari wa mifugo, kwa kuwa kila farasi huja na maradhi yake.

Kwa mlezi, ratiba hiyo ina maana ya kuamka saa nane za usiku kumpelekea nusu kilo ya majani farasi anayetaka kumi, na kumwacha akilamba sakafu. Wengi wanaoshindwa hushindwa hapo.

Farasi aliyelala chini akashindwa kuinuka huinuliwa kwa mikanda mipana. Akipitisha saa 72 bila kusimama, ni nadra kupona. Kwa anayeendelea vizuri, dalili ya kwanza si nyama mwilini bali macho na masikio: baada ya wiki mbili hivi huanza kuyageuza kufuata sauti. Uzito wake wa kawaida hurudi baada ya miezi mitatu hadi kumi.

Matibabu na mafunzo

Farasi mgeni hutengwa na wengine kwa wiki tatu hivi. Ugonjwa unaohofiwa zaidi husababishwa na bakteria aitwaye Streptococcus equi, ambaye huvimbisha tezi za koo na kuzijaza usaha. Farasi aliyepona anaweza kuendelea kumbeba bila dalili yoyote na kuambukiza zizi zima. Dawa ya minyoo nayo haitolewi kwa pupa. Minyoo mingi ikifa kwa mara moja huweza kuziba au kuvimbisha utumbo wa farasi dhaifu, hivyo kinyesi hupimwa kwanza.

Kwato hukua chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi. Zilizoachwa zikapinda kama viatu vya ncha iliyochongoka haziwezi kurekebishwa kwa siku moja. Hukatwa kidogo kidogo, na ukuta mpya wa kwato huchukua karibu mwaka mzima kushuka hadi ardhini.

Mafunzo huanza na mambo madogo: kuvishwa hatamu za kichwani, kuongozwa, kuinua mguu, kupanda gari la kusafirishia. Farasi aliyekuwa mpole alipoletwa huweza kugeuka mkorofi akipata nguvu, kwani upole ule ulikuwa udhaifu tu. Kwa hiyo tabia yake haiwezi kuelezwa kwa mlezi mtarajiwa kabla hajarudisha mwili.

Makazi mapya

Shirika lisipowatoa farasi waliopona, mabanda hujaa na wengine hawawezi kupokelewa. Mashirika mengi ya Uingereza hayauzi farasi wao, bali huwatoa kwa mkataba: mlezi hulipia matunzo yote, ilhali farasi hubaki mali ya shirika. Mkataba hukataza kumuuza na mara nyingi kumzalisha, humruhusu mkaguzi kuja kumtazama, na humruhusu mlezi kumrudisha maisha yakibadilika. Kabla ya hapo malisho, uzio na banda hukaguliwa, na mwombaji hutakiwa kuonyesha kwamba anaweza kumshika farasi mwenyewe.

Si kila farasi atapandwa tena. Wengine hutolewa kuwa wenzi tu, kwa sababu farasi ni mnyama wa kundi na akiwa peke yake huhangaika. Hao ndio wagumu zaidi kupata nyumba, maana hula sawa na wale wanaopandwa.

Wapo wasiopata lolote kati ya hayo: mwenye maumivu yasiyotibika huuawa na daktari bila mateso. Wapo wanaoona kuua si kuokoa. Brooke aliamua vinginevyo mjini Kairo, na mashirika mengi ya leo hufuata msimamo wake.

Afrika Mashariki

Farasi ni wachache Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya nagana inayoenezwa na mbung'o na ugonjwa wa farasi wa Kiafrika unaoenezwa na visubi. Wengi wao ni wa mbio, polo na utalii. Mnyama wa kazi ni punda, na kazi ya namna hii humhusu yeye zaidi. Kisiwani Lamu, ambako mizigo hupita kwenye vichochoro juu ya migongo ya punda, shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilifungua kituo mwaka 1987 kinachotibu bure. Hapo punda haondolewi kwa mwenyewe. Hutibiwa vidonda na minyoo, kisha hurudi nyumbani kwake. Tanzania ina sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, sura ya 360. Zote mbili zinawahusu farasi na punda pia.